Choa Mwilini, Mapunye Kichwani

Choa na mapunye ni ugonjwa mmoja wenye majina mawili: ukiwa mwilini huitwa choa, ukiwa kichwani mwa mtoto huitwa mapunye. Chanzo ni fangasi wanaokula keratini, protini ngumu inayojenga ngozi ya juu, nywele na kucha. Mahali walipojificha ndipo panapoamua dawa, na hapo ndipo nyumba nyingi hukosea.

Kwenye ngozi tupu, fangasi huanzia sehemu moja na kusambaa kwenda nje. Ndipo duara hutokea: ukingo ulioinuka, wenye magamba na muwasho, huku katikati pakianza kutakata. Hapa dawa ya kupaka yatosha. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, ikivuka ukingo kidogo. Hata duara likifutika, upakaji huendelea wiki 1 au 2 zaidi, kwani fangasi waliobaki hawaonekani kwa macho. Mafuta ya Whitfield, dawa kongwe ya bei nafuu, nayo hufaa kwa kubambua ngozi iliyovamiwa, ila huchoma usoni na kinenani.

Kinachoharibu mambo ni krimu za steroidi kama betamethazoni. Muwasho hutulia baada ya siku chache, mgonjwa akadhani amepona, kumbe kinga ya ngozi imelazwa na fangasi wanazidi kutambaa. Duara hupoteza umbo lake, na hata daktari aweza kushindwa kulitambua.

Kichwani mambo ni mengine. Fangasi huingia ndani ya unywele na kushuka kuelekea mzizini, ambako krimu haifiki hata ikipakwa mwezi mzima. Mapunye hutibiwa kwa vidonge. Griseofulvini hupimwa kwa uzito wa mtoto na kumezwa wiki 6 hadi 8, pamoja na maziwa au mlo wenye mafuta ili ifyonzwe vizuri. Terbinafini humaliza kazi mapema zaidi, japo kwa baadhi ya fangasi griseofulvini bado huishinda. Wakati mwingine kichwa huvimba na kutoa usaha. Uvimbe huo si jipu la kutumbuliwa; ni mwili unaopambana na fangasi, na tiba yake ni vidonge vilevile.

Mtoto mmoja akipata mapunye, vichwa vya ndugu zake wote hukaguliwa. Vitana, kofia na taulo havichangiwi, na mashine ya kinyozi husafishwa kwa dawa kabla ya kugusa kichwa kingine. Paka au ndama mwenye mabaka yaliyonyonyoka manyoya naye hutibiwa, maana choa hutoka kwake pia.