Pigo la Nguvu Si Damu ya Kutosha
Tarehe 20 Mei 2006, farasi Barbaro, aliyekuwa ameshinda mbio za Kentucky Derby wiki mbili tu kabla, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia mwanzoni mwa mbio za Preakness nchini Marekani. Madaktari wa New Bolton Center, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliushika mfupa kwa bamba la chuma na skrubu, nao ukaanza kuunga. Mwezi Julai ukaharibika ukwato wa mguu wa nyuma wa kushoto, ule uliokuwa mzima. Januari 2007, kwato za mbele nazo zilipoanza kuugua, ikaamuliwa aondolewe mateso.

Ugonjwa huo ni laminitisi. Ndani ya ukwato, mfupa wa mwisho wa mguu umeshikizwa kwenye ganda na mamia ya tabaka nyembamba zilizo hai, zilizojaa mishipa midogo ya damu. Farasi mkubwa ana kilo 500 hivi, na uzito huo wote unaning'inia kwenye tabaka hizo. Zikidhoofika, zinaachia, na mfupa unazama kuelekea chini. Ndiyo maana swali la damu inayofika huko linatusumbua sana sisi tunaotibu farasi.

Kipimo cha kwanza ni vidole vya daktari. Chini ya goti la farasi hakuna minofu: kuna mifupa, kano, mishipa na ngozi, kwa hiyo ateri inapapasika kwa urahisi pande mbili za nyuma ya kifundo cha juu ya ukwato. Kwa farasi mzima aliyetulia, pigo lake ni hafifu, pengine hulipati kabisa. Ukwato unapougua, pigo hudunda kwa nguvu. Hapo wengi hudhani kwamba damu imezidi. Kumbe kidole kinahisi shinikizo, hakipimi wingi. Ukiubana mdomo wa mpira wa kumwagilia, mpira unatuna mkononi lakini miche inabaki na kiu.

Ili kupata namba tunatumia altrasaundi ya Dopla, inayotegemea kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Mawimbi ya sauti yakigonga chembe za damu zinazokimbia, mwangwi hurudi na masafa yaliyobadilika, na badiliko hilo linatuambia kasi. Kasi hiyo ikizidishwa kwa eneo la tundu la ateri, tunapata ujazo wa damu kwa dakika. Shida ni kwamba ateri yenyewe ina upana wa milimita chache, na eneo hutegemea mraba wa kipenyo: ukikosea kipenyo kwa asilimia 10, jibu linapotoka kwa asilimia 20 hivi. Pembe nayo ina masharti. Boriti ya sauti ikizidi digrii 60 kutoka mwelekeo wa damu, kosa linakua haraka sana.

Kisha kuna farasi mwenyewe. Dawa za kumtuliza, kama zailazini na detomidini, hupunguza mapigo ya moyo na kubana mishipa. Baridi pia hubana mishipa. Akiinua mguu mmoja, wa pili unabeba mzigo na damu yake inabadilika papo hapo. Kwangu mimi, namba isiyoandikiwa jinsi farasi alivyosimama haina kazi.

Hata namba iliyopimwa vyema haimalizi swali, kwa sababu ukwato una njia za mkato zinazopitisha damu kutoka ateri hadi vena bila kuzigusa tabaka. Ateri inaweza kuwa na damu tele huku tabaka zina njaa. Mtafiti Andrew van Eps na wenzake waliamua kupima kwenye tabaka zenyewe: waliingiza kijibomba chembamba humo na kufuatilia glukosi na mazao ya seli zinazokosa oksijeni. Walionyesha kwamba jambo zito ni kuhamahama kwa uzito, kuliko uzito peke yake. Farasi akitembea, damu huongezeka kwenye tabaka. Akizuiwa kupokezanisha miguu, hupungua. Mgonjwa mwenye mguu uliovunjika hung'ang'ania ule mzima saa nyingi bila kuupumzisha, na hapo ndipo madhara huanzia.

Si kila laminitisi huletwa na uhaba wa damu. Ile inayofuata maradhi makali ya tumbo huzuiwa kwa kuzamisha miguu kwenye barafu, ambayo hupunguza damu, na ile ya insulini iliyozidi ina njia yake nyingine.

Wenye punda, wa Lamu na kwingineko, wanaweza kutumia kipimo kile cha vidole leo hii, maana punda naye huugua laminitisi na ni hodari wa kuficha maumivu. Lizoee pigo lake akiwa mzima, kwenye miguu yote minne. Likidunda kwenye ukwato mmoja tu, mara nyingi kuna usaha ndani. Likidunda kwenye miguu yote miwili ya mbele, naye anasita kugeuka, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.