Binti, Riwaya na Uchawi

Mzazi mmoja wa Mamba, katika bonde la Rukwa, ametutaka shauri. Binti yake wa miaka 16 amezama katika riwaya za kigeni: mabinti wa makabaila wa Uingereza ya kale, karamu za dansi katika majumba makubwa, na kijana mzuri ajuaye uchawi. Je, amnyang'anye?

Twaielewa hofu yake. Mkoa wake, uliotangazwa mwaka 2012, una jina la Katabi, mzimu wa Wabende. Yasemekana hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na wako wawekao sadaka shinani pake. Msomaji wa London huenda akadhani uchawi ni mchezo wa vitabuni. Mtoto wa Katavi amekwisha sikia watu wazima wakinong'ona habari za dawa ya kumvuta mume. Na katika Suratul Baqara, aya ya 102, Mwenyezi Mungu ametaja sihiri ya kumfarikisha mtu na mkewe, akabainisha kwamba haimdhuru mtu ila kwa idhini Yake.

Walakini hatuoni faida ya kunyang'anya. Kitabu kilichokatazwa husomwa chini ya shuka. Afadhali amtafutie binti Adili na Nduguze, cha marehemu Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Humo mna yote ayapendayo: Mfalme Rai, Adili mtawala wa Janibu, majini, na Mwelekevu, binti mfalme aliyesalia hai peke yake katika mji ambao watu wake waligeuka mawe. Ndugu zake Adili, Hasidi na Mkavu, walimhusudu hata wakamtosa baharini. Jini Huria akawageuza manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku. Adili huwapiga huku akilia, kisha huwabembeleza na kuwalisha.

Hapo tungependa binti atue kidogo. Mwelekevu hakuvutwa kwa hirizi wala kafara, alimridhia Adili. Na Huria, pamoja na nguvu zake zote, aliweza kubadili sura za ndugu wawili, asiweze kuung'oa udugu moyoni mwa wa tatu. (Makabaila wa Uingereza, twakiri, wana mavazi ya kupendeza zaidi.)

Akimaliza, mzazi amwulize: katika riwaya zako, yule kijana alimpata bibi yake kwa ridhaa, ama kwa dawa? Mama naye awepo, kwani kuna majibu ambayo binti hamwambii baba. Nao wasikilize mpaka mwisho, bila ya kumkatiza.