Kwanza jina, kisha muuzaji, mwisho bei

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya bei ya dawa, na nitaanza na kisa cha nyumbani kwetu.

Mama yangu mdogo, anayeishi Temeke, ana shinikizo la damu, au presha kama tunavyouita ugonjwa huo mitaani. Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza kama dawa anameza. Akajibu, "Nameza, mwanangu, ila leo nimepumzika." Nikauliza kupumzika ndiyo kufanyaje. Akanieleza kwamba anameza siku moja, siku ya pili anaacha, ili boksi la mwezi mmoja limfikishe miezi miwili. Siku hiyo kichwa kilikuwa kikimgonga tangu alfajiri. Tulipompeleka zahanati kupimwa, mashine ilisoma 178 kwa 102.

Presha haina siku ya mapumziko. Dawa yake haiuondoi ugonjwa, inaushikilia tu usipande, na siku usiyomeza ugonjwa unaendelea na kazi yake katika moyo, figo na mishipa ya ubongo. Wako wanaopatwa na kiharusi ambao hawakuwa wamekosa dawa kabisa. Walikuwa nayo, ila wanaipunja. Na mama mdogo hakuwa akiipunja kwa ukaidi. Boksi moja la vidonge 30, katika famasi iliyo karibu na kliniki anakotibiwa, lilikuwa likiuzwa shilingi 45,000.

Mwanawe, ambaye kwangu ni mdogo wangu, alikuwa ameshatafuta njia. Akanionyesha simu yake. Kulikuwa na tangazo lenye picha ya boksi lilelile, rangi ileile, bei shilingi 20,000. "Kaka," akaniambia, "ni chini ya nusu bei, na wanaleta mpaka mlangoni. Tuagize ya miezi mitatu?"

Nikamwomba anipe siku mbili. Kazi yangu mimi ni kuuliza, na wahenga walikwisha sema kuuliza si ujinga.

Kitu cha kwanza nilichokifanya ni kusoma boksi la dawa, na hapo ndipo ninapoomba nawe unisikilize kwa makini. Dawa nyingi za hospitali zina majina mawili. Kuna jina la biashara, ambalo kampuni imelichagua ili bidhaa yake ikumbukwe, nalo huandikwa kwa herufi kubwa za kuvutia. Halafu kuna jina la dawa yenyewe, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini yake. Jina hili la pili halimilikiwi na kampuni yoyote. Shirika la Afya Duniani lilianza kuchapisha orodha ya majina ya namna hii mwaka 1953, ili daktari wa Dar es Salaam na mfamasia wa Bombay wakitaja kitu wawe wanataja kitu kimoja. Kwenye boksi la mama mdogo, herufi ndogo zilisomeka: amlodipine, miligramu 5.

Kampuni inayovumbua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake kwa kipindi fulani, kwa kawaida miaka 20 tangu kuomba haki hiyo. Kipindi kikiisha, viwanda vingine huruhusiwa kutengeneza dawa hiyohiyo. Viwanda hivyo havikubeba gharama za utafiti wa awali, tena vinashindana vyenyewe kwa vyenyewe, kwa hiyo bei huteremka. Amlodipine ilikwisha toka katika hataza tangu miaka mingi. Hali kadhalika metformin ya kisukari na amoxicillin ya maambukizi. Leo zinatengenezwa na viwanda vingi, na vingi kati ya hivyo vimezipa majina yao ya biashara.

Basi nikashika cheti, nikapanda daladala mpaka Kariakoo. Safari hii sikutaja jina la biashara. Nilitaja jina la dawa na nguvu yake, nikauliza bei ya vidonge 30. Famasi ya kwanza waliniambia shilingi 9,000. Ya pili, hatua chache mbele, 7,500. Niliporudi Temeke nikaingia famasi iliyo jirani na kituo cha daladala, nikaambiwa 6,000. Dawa ni ileile, nguvu ni ileile, idadi ni ileile. Usiku ule nikapiga hesabu kwenye bahasha. Kidonge kimoja cha boksi la mwanzo kilikuwa shilingi 1,500. Cha Temeke kilikuwa 200.

Sasa litazame tena lile tangazo la simuni. Tulidhani ni bei ya kuokota, kumbe shilingi 20,000 ni zaidi ya mara tatu ya dawa halali inayouzwa mtaani kwa mama mdogo mwenyewe. Tulikuwa tunataka kubahatisha maisha ya mtu, na bado tungelipia zaidi.

Mitaani tunasema rahisi ni ghali. Kwa viatu na redio huenda msemo huo una ukweli wake, lakini katika dawa umewapoteza wengi. Yuko mgonjwa anayeamini kwamba dawa ya 6,000 haiwezi kutibu kama ya 45,000, na kwa imani hiyo anakosa zote mbili. Dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ile tunayoiita TMDA, imekaguliwa ubora wake kabla ya kuruhusiwa sokoni, iwe ya jina kubwa au la kiwanda usichokijua. Bei ya juu peke yake haithibitishi ubora. Bei ya chini nayo, peke yake, haithibitishi ubovu.

Hata hivyo, kulinganisha bei kuna utaratibu wake. Hakikisha unalinganisha kitu na mwenziwe. Miligramu 5 si miligramu 10. Tena ziko dawa zinazotengenezwa ziyeyuke taratibu mwilini kwa saa nyingi, na jina lake linaweza kufanana na la dawa ya kawaida. Hizo huwezi kuzibadilisha kiholela, wala kuzikata nusu, maana ukizivunja dawa yote inaweza kumwagika mwilini kwa mara moja. Aidha, ziko dawa chache ambazo tofauti ndogo tu ya kipimo ni hatari: phenytoin ya kifafa, warfarin ya kuzuia damu kuganda, na levothyroxine ya tezi ya shingo. Mwenye kutumia hizo asihame kiwanda bila kumweleza daktari wake. Kwa mama mdogo mimi sikuamua peke yangu. Nilimpigia daktari wa kliniki, akasema hana kipingamizi, ila arudi kupimwa baada ya wiki mbili.

Baada ya hapo nikamgeukia yule muuzaji wa simuni. Nilimwandikia ujumbe kwa adabu, nikauliza mambo matatu: duka lenu liko mtaa gani, limesajiliwa kwa jina gani, na mfamasia wenu ni nani. Akanijibu, "Bosi, unataka dawa au unataka maswali?" Nikamwambia nataka vyote viwili. Sikupata jibu tena, na jioni yake nikakuta amenifungia. Hakuwa ameniuliza cheti cha daktari, wala umri wa mgonjwa, wala dawa nyingine anazotumia. Alichouliza mapema kabisa ni nambari nitakayotumia kumlipa.

Pengine utaniambia kwamba huko ni kutishana, boksi si limefanana? Naam, limefanana. Hebu twende kwa jirani zetu wa Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo. Kuanzia mwisho wa mwaka 2014 hadi katikati ya 2015, watu zaidi ya 1,000 walilazwa hospitali huko, wengi wao wakiwa wamekakamaa misuli ya uso, shingo na ulimi. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepam, dawa ya kutuliza, lakini ndani yake kulikuwa na haloperidol, ambayo ni dawa ya wagonjwa wa akili. Lebo ilisema hivi, kidonge kikawa vile. Kwa macho usingeweza kujua. Na hao hawakununua kwa mtandao, walipewa kwa njia walizozizoea. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni ya bandia au iko chini ya kiwango.

Kama ndivyo ilivyo dukani, mtandaoni giza ni zito zaidi. Mwezi Juni 2024 shirika hilohilo lilitoa tahadhari juu ya sindano bandia za Ozempic, dawa ya kisukari ambayo wengi huitafuta ili wapungue mwili. Zilikuwa zimegunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani, yaani hata katika nchi zenye maabara na wakaguzi wa kutosha. Na Marekani kwenyewe, chama cha mabodi ya famasi kimekagua maelfu ya maduka ya dawa ya mtandaoni kikakuta kwamba zaidi ya 9 kati ya 10 hayafuati sheria.

Sisemi kwamba kila dawa inayoagizwa kwa simu ni sumu. Ziko famasi zilizosajiliwa, zenye mlango na mfamasia, ambazo zinapokea maagizo kwa simu na kumfikishia mgonjwa dawa nyumbani. Kwa mzee asiyeweza kupanda daladala, huo ni msaada mkubwa. Cha kutofautisha ni hiki: je, nyuma ya simu ile kuna duka ambalo serikali inalijua, au kuna simu tu? Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2015, famasi halali ya mtandaoni hubeba alama maalumu, na ukiibonyeza inakupeleka kwenye orodha ya serikali ambako utalikuta jina la duka. Hapo kuna somo. Alama mtu yeyote anaweza kuichora. Linalotegemewa ni jina kuwemo katika orodha ambayo muuzaji hawezi kuigusa.

Sisi nasi tunazo orodha. Baraza la Famasi ndilo linalosajili wafamasia na maduka ya dawa, na kibali cha duka hutakiwa kuwa ukutani mahali pa kuonekana. TMDA nayo ina orodha ya dawa zilizosajiliwa, iliyo wazi kwenye tovuti yake. Kwa hiyo kabla hujatuma fedha, uliza jina la famasi na mahali ilipo, kisha ulizia kwa Baraza. Asiyetaka kutaja duka lake mwache na dawa zake. Anayekuuzia dawa ya cheti bila kuuliza cheti, huyo amekwisha kukwambia yeye ni mtu wa namna gani. Dawa ikifika, soma jina, nguvu, nambari ya toleo na tarehe ya kuisha, na uangalie kama boksi limefunguliwa. Dai risiti, kwa sababu pasipo risiti huna pa kurudi. Ukitilia shaka usimeze, ipeleke kwa mfamasia au kwa TMDA.

Na liko jambo la joto. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Ikizunguka mji mzima kwenye begi la bodaboda saa saba mchana, katika jua letu hili la Dar es Salaam, inaweza kukufikia ikiwa safi kwa macho lakini imepungua nguvu. Uliza inasafirishwaje kabla hujauliza inasafirishwa kwa shilingi ngapi. Na nauli hiyo uiingize kwenye hesabu yako, maana kuna punguzo linaloishia kwenye pikipiki.

Mwisho niseme na wale wanaofika dukani na kusema, "Nipe nusu dozi, nitakuja kumalizia." Mkibanwa na bei, msikate dozi kimyakimya. Mwambieni daktari akiwa bado ameshika kalamu: "Daktari, hii sitaimudu kila mwezi, hakuna nyingine?" Mwambieni na mfamasia: "Ipo ya kiwanda kingine yenye jina lilelile la dawa?" Mama mdogo alikuwa amekwenda kliniki ile mara nne, na mara zote nne aliona haya kusema kwamba hana pesa. Haya ile karibu ituletee msiba.

Ndugu msikilizaji, juzi nilipita tena Temeke. Mashine ilisoma 138 kwa 86. Kwenye meza ya chumbani kulikuwa na boksi la shilingi 6,000, na kando yake kalenda ambayo mama mdogo anaiwekea alama kwa kalamu kila anapomeza. Nikazihesabu alama. Hakuna siku iliyorukwa. Aliponiona nahesabu akacheka, akasema, "Na wewe umekuwa mkaguzi?" Nikamwambia ndiyo, mpaka wiki ijayo.

Nanyi nawaaga hivyohivyo. Mpaka wiki ijayo, afya njema.