Mgonjwa haulizwi uji, lakini uji wenyewe uulizwe

Kwa zaidi ya mwaka mzima, kila Jumanne, mimi na dadangu tulikuwa tukivuka feri ya Likoni mapema asubuhi kumpeleka mpwa wangu mazoezini. Mtoto sasa ana miaka 4. Alipozaliwa alichelewa kulia, na baadaye tukaambiwa ana mtindio wa ubongo. Viungo vyake hukakamaa, shingo haikai sawa, na mikono haimtii. Dadangu humbeba mgongoni, mimi hubeba mkoba. Tukishuka upande wa kisiwani tunapanda matatu, tunakaa foleni, anafanyiwa mazoezi nusu saa, kisha safari ya kurudi.

Wataalamu wa mazoezi ya viungo walikuwa watu wema na kazi yao waliijua. Lakini mtoto alikuwa akisinzia katikati ya mazoezi. Siku nyingine alilia mpaka sauti ikakauka. Miezi ikapita, shingo ikawa ni ile ile. Nyumbani maneno yakaanza: mara amerogwa, mara hayo mazoezi ni kupoteza nauli bure. Nami nakiri mbele yenu, kuna siku nilianza kuihesabu ile nauli.

Kisha siku moja chumba cha mazoezi kilijaa, tukaambiwa tusubiri chumba cha pili. Humo alikuwamo binti mmoja na meza yake, mizani na chati ukutani. Dadangu akamwamkia, "Shikamoo daktari." Akacheka, "Marahaba mama, ila mimi si daktari, mimi ni wa lishe." Akamtazama mtoto kidogo, kisha akauliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa: "Mara ya mwisho alipimwa uzani lini?"

Tukatazamana. Kijitabu cha kliniki kiliishia kwenye chanjo ya surua. Tangu hapo hakuna aliyempima, kwa sababu hawezi kusimama kwenye mizani na hakuna aliyefikiria njia nyingine. Njia yenyewe ni nyepesi: dadangu alipanda mizani akiwa amembeba, akapanda tena peke yake, hesabu ikatolewa. Kilo 9.4. Mtoto wa kiume wa miaka 4 kwa kawaida hukaribia kilo 16.

Akachukua ule utepe wa rangi, akauzungusha kwenye mkono wa juu. Sentimita 11.9. Kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, mzunguko wa mkono ukiwa chini ya sentimita 12.5 huo ni utapiamlo. Ukishuka chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, na maisha yako hatarini. Wetu alikuwa katikati. Kumbe mwaka mzima tulikuwa tukimpeleka mazoezini mtoto mwenye njaa.

Chakula na mazoezi vinakutana wapi

Wengi wetu tukisikia "afisa wa lishe" tunamfikiria mtu wa kuwaambia kina mama wanyonyeshe, au wa kumkataza mzee mwenye sukari asile mahamri. Hayo ni sehemu ya kazi yake. Lakini kwa mtoto anayerudishiwa nguvu za viungo, yeye ni mmoja wa waganga, sawa na yule anayemnyoosha miguu.

Sababu ni hii. Mazoezi hayamtii mtoto nguvu kutoka hewani. Yanauambia mwili ujenge misuli, na misuli hujengwa kwa protini na kalori zinazotoka kwenye chakula. Zisipopatikana, mwili hula misuli yake wenyewe ili moyo na ubongo viendelee kufanya kazi. Hapo unakuta kila unachokijenga Jumanne kimeshabomoka kufikia Ijumaa. Tena mwili wenye njaa hupunguza matumizi: mtoto husinzia, hulegea, hachezi. Sisi tulidhani ni uvivu au ni ugonjwa wenyewe. Na kinga ya mwili nayo hushuka, akapata kikohozi kila mwezi na kukosa mazoezi wiki mbili.

Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo hatari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu kula kwenyewe ni kazi. Ulimi na koo ni misuli kama mguu, nayo pia hukakamaa au huenda ovyo. Utafiti uliofanywa Turkana na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto wenye ulemavu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na utapiamlo kuliko wenzao wasio na ulemavu. Njaa hiyo haiko Turkana tu. Imo hata kwenye nyumba zetu zenye chungu kilichojaa.

Alichokifanya

Hakutupa orodha ya vyakula tukaenda zetu. Alisema, "Jumanne ijayo njooni na chakula chake, mumlishe hapa nione."

Tukaenda na uji wetu. Dadangu akamlaza mtoto mapajani chali, kichwa nyuma, kama tulivyolelewa sote, akaanza kumnywesha. Binti akatazama saa yake. Zilipita dakika 50. Nusu ya uji ilimwagika kwenye kanga, na mtoto alipaliwa mara tano.

Ndipo akatufunza, kitu kimoja baada ya kingine.

Kwanza mkao. Mtoto akilishwa akiwa amelala, chakula huweza kupita njia ya hewa na kuingia mapafuni. Vile vikohozi vyetu vya kila mwezi huenda vilianzia hapo. Tangu siku ile hulishwa ameketi wima, mgongo na shingo vimeegemezwa, kidevu kimeinama kidogo, na hubaki wima kama nusu saa baada ya kula. Hapa aliwaita wenzake wa mazoezi, wakatutengenezea kiti cha pembeni chenye mikanda. Kwa mara ya kwanza niliona wataalamu wawili wakizungumza juu ya mtoto mmoja.

Pili uji wenyewe. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na sisi hatukumuuliza, tulimpa tu. Lakini hatukuuliza kilichomo ndani ya uji. Ulikuwa mwepesi, maji mengi na unga kidogo na sukari, ili upite kooni haraka. Tumbo la mtoto ni dogo, lilijaa maji kabla ya kushiba. Kwa mtoto huyu maji matupu ndiyo yanayompalia. Uji mzito kiasi hukaa vizuri kwenye ulimi wake.

Na hapa sisi wa Pwani tuna bahati. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, huku gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Kwa hivyo uji wa mtoto ukaungwa kwa tui la kwanza, lile zito. Ukaongezwa njugu zilizosagwa laini kabisa, au dagaa waliokaushwa wakasagwa na kuchungwa. Mbaazi za nazi zikapondwa zikawa laini. Yai, ndizi mbivu, embe, mchicha uliosagwa. Vyote hivyo vilikuwamo nyumbani. Tulikuwa tukivila sisi, na mtoto tukimpa maji ya uji kwa kumhurumia.

Tatu mpangilio. Milo mitatu mikubwa ilikuwa ikimchosha kabla hajashiba. Ikawa sita midogo, kila mmoja usizidi dakika 30. Chai ikaondolewa kwenye milo yake, kwa sababu chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na chuma kikipungua damu hupungua. Nani kati yetu hajampa mtoto chai na mkate asubuhi?

Nne dawa. Mpwa wangu hutumia dawa za kifafa. Baadhi ya dawa hizo, zikitumiwa muda mrefu, hupunguza vitamini D mwilini na mifupa ikawa dhaifu. Na mtoto asiyetembea mara nyingi hufichwa ndani, jua halioni. Alimwandikia barua daktari wa kliniki ya kifafa ili liangaliwe, na akatuambia mtoto atolewe barazani asubuhi.

Kisha akatupangia kurudi kila wiki mbili kupima, hesabu ikiandikwa kwenye kitabu. Urefu hakuupima kwa kumnyoosha, kwa kuwa miguu haikunjuki. Alipima kutoka goti hadi kisigino, akakadiria kwa njia hiyo.

Kwa nini usijifanyie mwenyewe

Najua kuna msomaji anayesema: kumbe ni tui na dagaa tu, nitafanya mwenyewe. Ngoja kidogo.

Mtoto aliyekonda sana, au aliyevimba miguu kwa unyafuzi, hapaswi kushindiliwa chakula ghafla. Mwili wake umezoea ukata. Ukiujaza kwa siku moja, chumvi na madini ya damu huvurugika na moyo huweza kushindwa. Ndiyo maana watoto mahututi wakilazwa wodini huanza na maziwa maalumu yanayoitwa F-75, yenye kalori 75 kwa mililita 100, kidogo kidogo mchana na usiku. Wakitulia ndipo huongezwa hadi F-100, au ile lishe ya njugu ya kwenye pakiti, ambayo pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500 hivi. Kujua lini mtoto avuke kutoka hatua moja hadi nyingine ni kazi ya timu, na mtu wa lishe yumo ndani yake. Ukibonyeza juu ya miguu yote miwili kwa sekunde chache na shimo likabaki, usiende sokoni. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na mahitaji ya watoto hayalingani. Mtoto aliyeungua kwa chai au maji moto huhitaji protini na kalori nyingi kuliko kawaida ili ngozi ijirudi. Mtoto mwenye mtindio ambaye viungo vyake havitulii huunguza nguvu nyingi, lakini yule asiyesogea kabisa anaweza kunenepa akipewa chakula cha mwenzake, mpaka mama akashindwa kumbeba. Afisa wa lishe huongeza, na pia hupunguza.

Jihadharini pia na wauzaji wa poda mitandaoni wanaojiita wataalamu wa lishe. Kenya ina sheria ya mwaka 2007 inayosimamia taaluma hii, na taasisi yake, KNDI, ndiyo inayowasajili. Una haki ya kumuuliza mtu nambari yake ya usajili kabla hujampa pesa na tumbo la mwanao.

Tulipofika

Baada ya miezi 4 mpwa wangu alifika kilo 11.1. Hatembei. Sitaki mtu asome makala haya akadhani embe na dagaa huponya mtindio wa ubongo, haviponyi. Lakini hasinzii tena mazoezini. Shingo huishika kwa muda wa kutosha kumtazama mamake anapomlisha. Katika miezi hiyo alikohoa mara moja tu. Na juzi alimcheka mjombake aliyeteleza kwenye ngazi ya feri, kicheko kirefu chenye pumzi. Zamani pumzi ya kucheka hivyo hakuwa nayo.

Linaloniuma ni ule mwaka uliopita bure. Chumba cha lishe kilikuwa hatua chache kutoka chumba cha mazoezi, na tulikifikia kwa sababu viti vilikuwa vimejaa. Afya sasa iko mikononi mwa kaunti zetu. Kabla hatujaombwa kura kwa ahadi za majengo, tuwaulize viongozi: kila penye mazoezi ya watoto, kuna mizani? Kuna afisa wa lishe aliyeajiriwa, au ni mmoja anayegawanywa hospitali nzima?

Wakati tukisubiri jibu, nawe una la kufanya. Ukiwa na mtoto anayehudhuria mazoezi, usitoke hospitalini kabla hujauliza mambo matatu. Uzani wake leo ni kilo ngapi? Mwezi uliopita ulikuwa ngapi? Na nani hapa ameona anavyokula? Wakikosa jibu, omba uandikiwe kwenda kwa mtu wa lishe. Ukiambiwa subiri nje, subiri, lakini usiondoke.