Mpira wa kikapu: Kwa nini vyuo haviwaoni wachezaji wa Jinja na Mbale?

Juni 25, 2025, mjini New York, klabu za ligi ya NBA ya Marekani zilipokuwa zikichagua wachezaji wapya, jina la 10 kutajwa lilikuwa la Khaman Maluach. Kijana huyo mwenye urefu wa takriban mita 2.18 alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, lakini alikulia Kawempe, jijini Kampala, ambako familia yake ilikimbilia kutafuta usalama. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 13. Kutoka Kampala alichukuliwa na akademia ya NBA iliyoko Senegal, akacheza katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ambako mwaka 2024 aliivaa jezi ya City Oilers ya Uganda. Mwaka huohuo aliiwakilisha Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris, kisha akaichezea timu ya Chuo Kikuu cha Duke kwa msimu mmoja.

Kisa hicho kimewatia moyo vijana wengi. Hata hivyo, kwa msikilizaji wa mashariki mwa Uganda kinazua swali. Kawempe iko ndani ya Kampala, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka viwanja ambako makocha na wasaka vipaji hukutana. Je, kijana wa kimo kilekile angekulia Walukuba, mjini Jinja, au Namatala, mjini Mbale, nani angemwona?

Makala haya yanaeleza jinsi vyuo vinavyowapata wachezaji wa kikapu, mahali ambapo vijana wa shule za mashariki hupotelea njiani, na mambo ambayo familia na walimu wanaweza kuyafanya mapema.

Kila njia inapita Kampala

Jinja iko takriban kilomita 80 kutoka Kampala. Mbale iko zaidi ya kilomita 200. Miji yote miwili ilipandishwa hadhi kuwa majiji Julai 2020, na yote ina shule za miaka mingi. Upande wa Jinja kuna Busoga College Mwiri, Kiira College Butiki na Jinja College. Upande wa Mbale kuna Nabumali High School na Mbale Senior Secondary School. Jinja ina jina pia katika michezo: kriketi ya Mwiri na raga ya klabu ya Jinja Hippos zinajulikana nchini kote.

Kikapu kina makao mengine. Mechi nyingi za ligi ya taifa, inayosimamiwa na shirikisho la mchezo huo, FUBA, huchezwa Kampala, hasa Lugogo. Vyuo vikuu vyenye timu zinazotambulika, kama vile Makerere, KIU, Ndejje na Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kilichoko Mukono, viko Kampala au katika wilaya zinazoizunguka. Ndivyo ilivyo pia kwa shule ambazo majina yao husikika kila mwaka katika fainali: Buddo, Kibuli, Nabisunsa na Seroma ziko Kampala, Wakiso na Mukono.

Kocha wa chuo ana muda mchache na fedha chache. Huenda mahali ambapo katika alasiri moja ataona wachezaji kumi wazuri, wala si mahali ambapo ameambiwa kuna mmoja. Kwa shule ya Jinja au Mbale, msimu mzima huweza kuwa mechi chache za wilaya na kanda. Ikishindwa hapo, wachezaji wake hawatazamwi tena hadi mwaka unaofuata, na kwa aliye kidato cha sita mwaka unaofuata haupo.

Zipo nyakati ambapo macho huelekezwa mashariki. Agosti 2024, Mbale iliandaa michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, na timu za kikapu kutoka nchi jirani zikafika chini ya Mlima Elgon. Lakini michezo hiyo huhama. Mwaka 2025 ilikwenda Kakamega, Kenya.

Basari hufungua mlango na kufunga mwingine

Njia ya kawaida ya kuonekana ni kuhama. Shule inayotafuta ubingwa humwahidi mchezaji wa mkoani basari, yaani msamaha wa karo yote au sehemu yake, naye huacha shule ya nyumbani baada ya mtihani wa kidato cha nne au hata kabla. Kwa mzazi ambaye kila muhula hukopa ili kulipa karo, hiyo ni neema ambayo si rahisi kuikataa, wala hakuna haja ya kumlaumu anayeikubali.

Gharama yake hubaki nyuma. Timu iliyompoteza mchezaji wake bora hudhoofika, ikidhoofika haifuzu, isipofuzu hakuna anayekuja kuitazama, na kijana mwingine mwenye kipaji huona kwamba naye hana budi kuondoka. Mchezaji mwenyewe pia hubeba hatari. Basari nyingi hutolewa kwa neno la mdomo. Akiumia goti, au kocha aliyemleta akihama, ahadi huweza kuyeyuka katikati ya mwaka wa mtihani. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi lisiwe ukubwa wa jina la shule. Liwe hili: ahadi hii imeandikwa, na inasema nini mtoto akiumia?

Marekani: ushindani umebadilika

Vijana wengi wanaposema wanataka chuo, huwa wanaiwaza Marekani, hasa Daraja la Kwanza la chama cha michezo ya vyuo cha nchi hiyo, NCAA, lenye vyuo zaidi ya 350. Idadi hiyo inaonekana kubwa, lakini nafasi ni finyu. Kwa miaka mingi timu ya wanaume haikuruhusiwa kutoa zaidi ya nafasi 13 za ufadhili kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2025, vyuo vilivyojiunga na mfumo mpya wa kuwalipa wanamichezo vinaweza kuwa na wachezaji 15 na si zaidi.

Jambo la pili ni uhamisho. Zamani mchezaji aliyehama chuo kwa kawaida alilazimika kukaa nje msimu mzima. Mwaka 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu hiyo, na mwaka 2024 kikomo cha mara moja kikaondolewa, mradi awe anafanya vizuri darasani. Matokeo yake ni kwamba kocha anayetaka kushinda upesi humchukua mchezaji wa miaka 22, mwenye takwimu za misimu mitatu, badala ya kumlea wa miaka 18. Hata wanafunzi wa sekondari wa Marekani wenyewe, wanaocheza mbele ya macho ya makocha hao, sasa husahaulika. Kijana wa Mbale anagombea nafasi ileile na mtu mzima ambaye uwezo wake umekwisha kuthibitishwa.

Hii haina maana kwamba mlango umefungwa. Vyuo vya Daraja la Pili hutoa ufadhili, mara nyingi wa sehemu ya gharama. Viko pia vyuo vya chama kingine kiitwacho NAIA, na vyuo vya miaka miwili ambavyo huwa daraja la kuvukia. Jane Asinde, aliyeichezea timu ya taifa ya wanawake, Gazelles, katika AfroBasket ya mwaka 2023 mjini Kigali, alipitia chuo cha miaka miwili kabla ya kuwika katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi ufadhili wa michezo. Anayeahidi basari ya kikapu huko anasema uongo au hajui anachokisema.

Karatasi hukaguliwa kabla ya mchezo

Wachezaji wengi hudhani kwamba wanakosa nafasi kwa sababu hawaruki juu vya kutosha. Mara nyingi kinachokosekana ni karatasi. Ili acheze Daraja la Kwanza, mwanafunzi anahitaji masomo 16 ya msingi ya sekondari, yakiwemo Kiingereza, hisabati na sayansi, pamoja na wastani usiopungua alama 2.3 kwa kipimo cha 4. Katika Daraja la Pili wastani ni 2.2. Mitihani ya SAT na ACT haihitajiki tena na NCAA tangu mwaka 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuidai. Vyeti vya Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, ndivyo ushahidi. Mchezaji aliyeacha hisabati mapema au aliyepoteza hati zake huenda akaondolewa hata kabla ya video yake kutazamwa.

Kuna pia suala la muda. Kanuni za NCAA zimekuwa zikimpa mwanafunzi kipindi kifupi baada ya kumaliza sekondari. Akizidisha, na huku anaendelea kucheza mashindano rasmi, hupunguziwa misimu ya kucheza chuoni. Hapa ndipo vijana wa kwetu hunaswa. Karo ikikosekana, mtoto hukaa nyumbani mwaka mmoja au miwili, na kwa kuwa anaupenda mchezo, hujiunga na klabu ya mtaani inayoshiriki ligi. Mwaka ambao kwetu ni wa subira, kwao unahesabiwa.

Baada ya hapo huja visa, ambayo haimo mikononi mwa mchezaji. Aprili 2025, Marekani ilitangaza kufuta visa zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini wakati Maluach mwenyewe akiwa Duke. Familia inayoweka matumaini yote katika safari moja inapaswa kulijua hilo tangu mwanzo.

Nafasi za nyumbani nazo ni chache

Kwa walio wengi, chuo kitakuwa cha hapa Uganda. Katika utaratibu wa serikali wa kuwalipia wanafunzi wapatao 4,000 kwa mwaka katika vyuo vikuu vya umma, nafasi 40 zimetengewa wanamichezo. Hizo ni za michezo yote na za nchi nzima: soka, riadha, netiboli, raga na kikapu vinazigawana. Zinazobaki ni basari za vyuo vyenyewe, na hizo hutolewa na makocha ambao, kama tulivyoona, hutazama zaidi mechi za karibu na Kampala.

Juu kabisa, timu ya taifa nayo hupata nguvu mbali. Silverbacks walipofika robo fainali ya AfroBasket mjini Kigali mwaka 2021, miongoni mwa nguzo zao walikuwa Ishmail Wainright na Arthur Kaluma, wachezaji waliolelewa na vyuo na viwanja vya Marekani. Waliitumikia nchi kwa heshima. Lakini Wainright na Kaluma walikuwa na jambo ambalo kijana wa Jinja hana: kila mechi waliyocheza iliandikwa, ikarekodiwa na ikaweza kupatikana na yeyote aliyeitafuta.

Nini kinaweza kufanywa sasa?

Hilo la mwisho halihitaji kusubiri uwanja mpya wala mfadhili. Mwalimu wa michezo anaweza kuwa na daftari moja ambamo kila mechi huandikwa: tarehe, mpinzani, matokeo, na kwa kila mchezaji pointi, mipira aliyoidaka chini ya kikapu, pasi zilizozaa kikapu na dakika alizocheza. Mwanafunzi asiyecheza anaweza kupewa kazi hiyo. Simu ya kawaida, ikiwekwa mahali palipoinuka, inaweza kurekodi mechi nzima. Kocha wa mbali huamini zaidi robo nne zisizokatwa, zenye makosa ndani yake, kuliko dakika mbili za madoido.

Mzazi naye atunze vyeti na tarehe, na aulize kuhusu masharti ya NCAA mtoto akiwa kidato cha tatu, asingoje amalize shule. Na akitokea wakala anayetaka asilimia ya ufadhili, au fedha taslimu ili kumhakikishia mtoto nafasi, asimlipe. NCAA hairuhusu malipo yanayotegemea kiasi cha ufadhili, na mchezaji mwenyewe anaweza kupoteza haki ya kucheza.

Daftari halitamwongezea mtu kimo, wala halitaisogeza Mbale karibu na Lugogo. Lakini kocha wa Mukono au wa Texas akiuliza siku moja, "Kijana huyu amefanya nini?", patakuwa na jibu la maandishi. Leo, katika shule nyingi za mashariki, jibu hilo limo kichwani mwa mwalimu mmoja tu, na mwalimu huyo akihamishwa, huondoka nalo.