Dirisha la kuchomoza na jua la Lafey

Rafiki yangu, mfanyabiashara wa hapa Mombasa aliyezaliwa Lafey, kaunti ya Mandera, aliniletea picha kwenye simu. Sebule ya Uingereza: dirisha limechomoza nje ya ukuta, vioo pande tatu, na ndani yake kiti cha kujengea chenye mito. "Fundi, nataka hili. Mamangu akae hapo awaone wapita njia." Nikamchorea. Kiwanja sikukiona. Niliuliza tu barabara iko upande gani, nikalielekeza dirisha huko. Barabara ilikuwa magharibi.

Nilipofika Lafey, baada ya safari ndefu ya kupitia Wajir na El Wak, nyumba ilikuwa imekwisha. Ilikuwa saa kumi alasiri. Kiti hakikaliki kwa moto, mapazia mazito yamefungwa, na yule mama ametandika mkeka wake nyuma ya jiko, penye kivuli. Hakunilaumu. Alinimiminia chai, na chai ile ilinishinda kuimeza.

Tuelewane kwanza dirisha hili lilikuja vipi. Uingereza wakati wa baridi jua ni haba na liko chini, kwa hiyo ukuta ukichomoza na vioo pande tatu, chumba kinaokota mwanga kila unakotokea. Lafey iko kama digrii 3 kaskazini ya ikweta. Jua la adhuhuri huko huangukia bati. Linaloingia ndani ni la asubuhi na la jioni, likiwa limeinama. Kioo hulipitisha, sakafu na mito vikapata moto, na joto lile halitoki kwa urahisi lilivyoingia. Tena dirisha la kuchomoza hutoka nje ya upenu wa paa, yaani linakimbia kivuli ambacho dirisha la kawaida hupewa bure.

Kinachoniuma ni kwamba jawabu tunalo sisi watu wa pwani. Roshani tunaita kibaraza cha ghorofani, lakini neno lenyewe linatokana na Kiajemi, lenye maana ya mwangaza, na katika mji wa kale wa Jeddah "roshan" ni dirisha hasa la kuchomoza: sanduku la mbao zilizotobolewa, linaloning'inia juu ya njia. Upepo unapita, jua linakatwakatwa, na aliye ndani anaona bila kuonekana. Ukipita Ndia Kuu, Mji wa Kale, inua macho uzione roshani zetu za mbao. Mimi nazipita kila wiki, na bado nikanakili picha ya simu.

Basi ukitaka dirisha hili sehemu za joto, lielekeze kaskazini au kusini. Kwa dirisha la urefu wa mita 1 na nusu, upenu uliokaa juu yake na kuchomoza sentimita 75 mbele yake utazuia jua la adhuhuri hata Desemba, jua linapokuwa limelalia kusini. Vile vipande viwili vya ubavuni, ambavyo ndivyo hupigwa na jua la pembeni, usitie kioo. Tia luva za mbao. Kipande cha kati kiwe cha bawaba. Yale ya aluminiamu ya kusukuma yanapendwa kwa bei, lakini hufunguka nusu tu. Kiti, kimo sentimita 45 na kina 55 au zaidi, juu yake mkeka au godoro jembamba lenye foronya ya kufuliwa, kwa sababu vumbi la kule halina huruma na velveti. Na uzito wa sanduku hilo usiachiwe ukuta: msingi uchomoze nao, au zege la sakafu.

Sisi tulikuwa tumechelewa kugeuza nyumba. Tulitoa vioo vya ubavuni tukatia luva, gharama yangu. Mwenye nyumba akaongeza bati mbele, juu ya nguzo. Lakini jua la magharibi huingia chini ya bati lolote, na hapo nilikwama. Mama ndiye aliyesema, kupitia kwa mwanawe: "Tulipokuwa kwenye aqal, mkeka tuliushusha upande wa jua, tukauinua upande wa upepo. Kwani hii si nyumba?" Tukafunga mikeka mitatu kwenye nguzo, ya kukunja kwa kamba. Inashuka saa nane, inapanda jua likizama.

Nilimpigia rafiki yangu mwezi uliopita. Anasema baada ya magharibi mamake hukaa pale dirishani na majirani, na asubuhi huwa pale mpaka adhuhuri. Alasiri bado yuko nyuma ya jiko. Nimeanza kuomba picha ya kiwanja, pamoja na ya kivuli chake saa tatu na saa kumi, kabla sijashika kalamu.