Kutoa rangi si lazima iwe sanaa: Mvutano kuhusu picha za nyeusi na nyeupe

Chukua simu yako. Piga picha ya mama mboga hapo nje ya ploti, bonyeza filta ya kwanza ya nyeusi na nyeupe, kisha uirushe mtandaoni. Baada ya dakika kumi kuna mtu atakuambia hiyo ni sanaa ya kweli, na mwingine atakuuliza kwa nini umeua wekundu wa nyanya. Wote wawili wana uhakika, na wote wanaangalia picha moja.

Usidhani ni ubishi wa laiki tu. Kuna kijana ninayemjua huku Eastlands ambaye alikuwa anapiga matatu usiku, giza tupu, unaona tu taa na meno ya makanga anayecheka. Alipeleka kazi yake kwa shindano fulani. Jibu lilikuwa fupi: weusi umezidi, kijivu hakuna. Siku hizi anapiga harusi. Harusi zinalipa kodi ya nyumba, sikatai, lakini zile picha za usiku hakuna mwingine anayezipiga.

Sasa swali ni hili: nani aliamua kwamba lazima kijivu kiwepo?

Mabwana wawili wasiokubaliana

Sehemu kubwa ya jibu iko California. Mwaka wa 1932 kundi la wapigapicha huko lilijiita f/64, jina la tundu dogo sana la lenzi linalofanya kila kitu kionekane wazi, cha karibu hata cha mbali. Mmoja wao alikuwa Ansel Adams, yule wa milima ya Yosemite. Baadaye yeye na mwenzake Fred Archer walitengeneza mfumo wa kugawanya mwanga katika ngazi 11, kutoka weusi kabisa hadi weupe kabisa, ili mpigapicha ajue mapema kila kitu kitaangukia ngazi gani. Mpaka leo, mtu akikwambia picha nzuri lazima iwe na ngazi zote, anazungumza lugha ya Adams, hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Sasa vuka bahari uende Japani. Daido Moriyama, aliyezaliwa 1938, alikuwa miongoni mwa wapigapicha wa jarida la Provoke, lililotoka 1968 na 1969 pekee. Picha zao zilikuwa na chembechembe kama mchanga, zimetikisika, zimepotea fokasi. Wajapani wana maneno matatu ya mtindo huo: are, bure, boke. Picha ya Moriyama inayojulikana zaidi, ya 1971, ni ya mbwa koko aliyegeuza kichwa kukutazama, katika mji wa Misawa wenye kambi ya jeshi la Marekani. Manyoya yake ni kama waya. Kijivu kinachobembeleza jicho hakipo.

Mpe Adams ahukumu picha ya Moriyama kwa sheria zake na mbwa yule anafeli. Mpe Moriyama milima ya Yosemite na pengine ataona ni safi mno, hakuna jasho. Hakuna aliyekosea. Mmoja alitaka uone kila jani, mwingine alitaka uhisi barabara.

Na hata Adams mwenyewe hakukaa na ladha moja. Picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliipiga 1941. Negativu ni moja, lakini aliichapisha tena na tena kwa miaka mingi, na kadiri miaka ilivyosonga, mbingu ilizidi kuwa nyeusi. Kama bwana wa kijivu mwenyewe alibadilisha mawazo, mwamuzi wa shindano anapata wapi ujasiri?

Bamako haikungoja ruhusa

Kuna kitu kingine ambacho hatuambiwi. Kwa wengi wa wazee wetu wa kamera Afrika, nyeusi na nyeupe haikuwa mtindo. Ndiyo filamu waliyoweza kununua na kuisafisha wenyewe.

Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka wa 1948. Alitumia mwanga wa jua uani, na shuka lake la kitanda likawa pazia la nyuma. Mteja asiye na saa aliazimwa saa. Kulikuwa na redio, kalamu, hata pikipiki ya kuegemea. Filamu ilikuwa ghali, kwa hivyo kwa kawaida alibonyeza mara moja tu. Malick Sidibé naye alizunguka na kamera kwenye disko za vijana, kisha usiku huohuo alirudi studio kuosha filamu ili watu waje kuchagua picha zao.

Hakuna aliyewaita wasanii wakati huo. Walikuwa mafundi, kama kinyozi au fundi cherehani. Miaka ilipopita ndipo majumba ya maonyesho ya Ulaya yaligundua hazina. Keïta akaonyeshwa Paris mwaka wa 1994, na 2007 Sidibé akapewa Simba wa Dhahabu kule Venice kwa kazi ya maisha yake, Mwafrika wa kwanza kupata heshima hiyo. Picha ni zilezile. Kilichobadilika ni nani anayetazama.

Kwa hivyo ukiambiwa kazi yako si sanaa, uliza kwanza: kwa macho ya nani?

Weusi kama msimamo

Kizazi chetu kina rangi bure kwenye simu. Mtu akizitoa leo, anachagua. Basi awe na sababu.

Zanele Muholi wa Afrika Kusini anayo. Katika msururu wa picha zake binafsi uitwao Somnyama Ngonyama, jina la Kizulu la kumsalimu simba jike mweusi, huongeza tofauti ya giza na mwanga mpaka ngozi yake inakuwa nyeusi kuliko ilivyo, macho yakikutoboa. Kwenye baadhi ya picha amevaa vibanio vya nguo kichwani kama taji, kumkumbuka mamake aliyefanya kazi ya nyumba za watu. Linganisha na filta tunazotumia hapa mtaani, zile zinazokung'arisha mpaka mama yako akuulize huyo ni nani. Muholi alienda upande wa pili makusudi. Ondoa weusi ule na hoja yote inaanguka.

Hapa nyumbani Kenya, Mwingereza Nick Brandt alipiga ndovu wa Amboseli kana kwamba wamekaa studio: karibu, bila lenzi ndefu ya kuvuta, mbingu nzito juu. Baada yake ndovu wa kijivu wamejaa. Utawakuta ukutani hotelini, kwenye kalenda, hata kwenye lobi za apatimenti Kilimani. Yeye mwenyewe alisonga mbele. Katika Inherit the Dust, kitabu cha 2016, alichapisha picha za wanyama kwa ukubwa wao halisi na kuzisimamisha kwenye machimbo, majalala na chini ya madaraja, mahali ambapo wanyama hao waliwahi kutembea. Waigaji walibaki na ndovu. Swali aliloenda nalo hawakulibeba.

Kuiga kunaanzia wapi?

Hapa ndipo watu hukosana hasa. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inataka kazi ya sanaa iwe imefanyiwa juhudi ya kutosha kuipa sura yake yenyewe. Wazo tupu halina mwenyewe. Hakuna anayemiliki "ndovu kwa nyeusi na nyeupe" wala "mzee mwenye makunyanzi".

Lakini mpaka huo si mstari ulionyooka. Mwaka wa 2012 mahakama moja ya Uingereza iliamua kesi ya picha ya London: daraja na bunge kwa nyeusi na nyeupe, basi jekundu pekee likiwa na rangi. Kampuni ya chai ilichanganya picha nyingine kwenye kompyuta ikapata kitu kinachofanana. Haikunakili faili ya mtu. Ikashindwa. Jaji alisema kilichochukuliwa ni mpangilio wa picha na ule mchezo wa rangi, ingawa alikiri swali lilikuwa gumu. Mawakili wengi bado hawakubaliani naye.

Upande mwingine kuna Sherrie Levine wa Marekani. Mwaka wa 1981 alionyesha picha alizozipiga kutoka kwa picha za Walker Evans, zile za wakulima maskini wa Alabama mwaka wa 1936. Hakuongeza kitu. Alitaka tuulize kwa nini tunaabudu neno "asili". Kuna wanaomwona ni genius, na kuna wanaomwona mwizi tu mwenye maelezo mazuri.

Mimi sikumaliza chuo, na sitajifanya profesa. Lakini nimekaa na wapigapicha wa kutosha kujua kwamba kuiga mwanzoni si dhambi. Moriyama alianza kama msaidizi wa mpigapicha mwingine. Shida ni kukwama hapo, ukinunua filta ya mtu kwa M-Pesa kisha unashangaa kwa nini picha zako zina sura ya watu elfu wengine.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza, jiulize mambo matatu. Rangi ikirudi, picha itapoteza nini? Kama haipotezi kitu, iache na rangi zake. Weusi huu ni wangu au ni wa filta? Na ni nini hapa ambacho ni mimi tu ningekiona, kwa kuwa naishi hapa na namjua huyu mama mboga kwa jina?

Kama una majibu, peleka picha zako shindanoni. Wakikwambia kijivu hakuna, waulize ni ngazi ya ngapi kati ya zile 11 iliyokosekana.